“Injinia, anza na ukuta”: dhana potofu kuhusu majengo baada ya vita

Dhana: Ukuta mrefu ndio usalama.

Nimeisikia tena juzi, kwenye kikao cha zahanati itakayohudumia vijiji viwili vilivyochomeana nyumba. Michoro sijaifungua, mwenyekiti ananiambia: “Injinia, anza na ukuta.” Nimechoka kulijibu hili kwa upole.

Ukweli: Nyumba zinapoungua, ukuta huokoa maisha, hilo silipingi. Tatizo ni kwamba ukuta wa muda hauondoki. Huko Belfast, Ireland Kaskazini, jeshi liliweka kizuizi cha kwanza kati ya mitaa ya Wakatoliki na Waprotestanti 1969 kama hatua ya muda tu. Kuta nyingine zikaongezwa hata baada ya mkataba wa amani wa 1998. Mwaka 2013 serikali iliahidi kuziondoa zote ifikapo 2023. Mwaka huo ukapita, kuta zimesimama, na baadhi ya mageti bado hufungwa usiku. Mtoto anayekua upande mmoja humjua jirani yake kwa kusimuliwa tu, na wanaomsimulia ni watu wenye machungu.

Pesa ya ukuta nipeni nijenge baraza. Ya saruji, kimo cha sentimita 45, chini ya paa lililotokeza vya kutosha kuzuia mvua, karibu na bomba ambalo vijiji vyote viwili vinachotea maji. Na chumba cha kusubiri kiwe na milango miwili, tafadhali. Katika zahanati moja nilimwona mama amesimama asubuhi nzima na mtoto mgongoni, na benchi liko tupu. Benchi lenyewe liliupa mlango mgongo. Tulipoligeuza likaegemea ukuta na kutazama nje, akakaa. Aliyewahi kuvamiwa lazima aone nani anaingia na yeye atatokea wapi. Kila mchoro ninaoletewa naukagua hapo kwanza.

Dhana: Palipomwagika damu pabomolewe, pasahaulike.

Ukweli: Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, iliyofunguliwa 2004, imejengwa Johannesburg kwenye eneo la gereza la Old Fort, walikowahi kufungwa Gandhi na Mandela. Jengo la mahabusu lilivunjwa, lakini matofali yake yalitumika kwenye kuta za mahakama, na minara ya ngazi zake ikaachwa imesimama. Msibomoe kabla ya kuwauliza walioumizwa pale.

Dhana: Kazi ya maana inataka mkandarasi wa mjini.

Ukweli: Nendeni Butaro, kaskazini mwa Rwanda. Hospitali ya pale, iliyofunguliwa 2011, imejengwa kwa mawe ya volkano, yale yale wakulima wanayoyaondoa mashambani, yakachongwa na kupangwa na watu wa hapo hapo, wanawake kwa wanaume. Ndani ya wodi vitanda vimeegemea ukuta mfupi wa katikati, na kila mgonjwa anatazama dirisha.