Mvua ya Mwanza: jua saa yake, si mwezi wake tu

Kalenda ya mvua tunaijua wote: vuli Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei, na kiangazi kinachoshika kweli kuanzia Juni. Januari na Februari mvua hupungua bila kukatika. Kalenda hiyo inamtosha mkulima wa Misungwi anayepanga lini apande. Mtu anayeanika dagaa Kirumba, anayevuka kwenda Ukerewe au anayemwaga zege Buhongwa anataka zaidi ya hapo: mvua itapiga saa ngapi? Jibu la swali hilo liko ziwani.

Watu wa pwani huhesabu misimu kwa kaskazi na kusi. Huku kwetu pepo hizo hufika zikiwa zimeshapanda nyanda za juu, na kwa kawaida tunazipata kama upepo wa mashariki. Ukanda mvua, yaani mahali zinapokutana, hulifuata jua kwenda kusini na kurudi kaskazini, na ndio unaoamua mwezi wa mvua. Ila Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Maji mengi kiasi hicho hujitengenezea pepo zake kila siku.

Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa ya ziwani huingia kushika nafasi yake. Ndio ule upepo wa kaskazini au kaskazini magharibi unaousikia Capri Point kuanzia adhuhuri. Hubeba unyevu kuupeleka ndani, kwa hiyo alasiri mawingu hujengeka upande wa Misungwi, Kwimba na Magu huku juu ya ziwa kukiwa kweupe.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu inapoa hadi nyuzi 17 au 18, maji yanabaki na nyuzi kama 24 au 25. Sasa upepo unatoka nchi kavu, kutoka kila upande wa ziwa, unakutana katikati, na hewa yenye unyevu haina njia ila kupanda. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani huzaliwa baada ya usiku wa manane na kuendelea hadi asubuhi. Upepo wa mashariki huzisukuma magharibi, na ndiyo sababu Bukoba hupata milimita zaidi ya 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Mwanza. Mji wetu uko mpakani: hupata mvua ya alfajiri inayotoka ziwani na ya alasiri inayotoka bara.

Kwa walio majini, kinachoua mara nyingi ni upepo unaoitangulia mvua. Matone yanapoanguka, sehemu yake hukauka njiani na kuipoza hewa. Hewa hiyo nzito hushuka kwa kasi, hugonga maji na kusambaa mbele ya wingu. Dalili zake zina mpangilio. Upepo uliokuwapo hukatika, ziwa hutulia kwa muda mfupi, kisha baridi huja kutoka upande wa wingu. Ukitazama maji utaona mstari mweusi wenye povu jeupe ukikujia. Ukishauona huo mstari, una dakika chache tu. Usisubiri tone la kwanza: geuza kuelekea mwambao ulio karibu wakati ziwa bado limetulia. Dhoruba ikikukuta, elekeza omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kwenye mawimbi na usiyape ubavu. Jaketi okozi livaliwe tangu mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapoondokea, maana mtumbwi ukishaanza kuyumba hakuna anayefunga kamba.

Umbali wa radi hupimwa kwa kuhesabu. Anza unapoona mwanga, ishia unaposikia ngurumo; kila sekunde 3 ni kilomita moja. Ukihesabu sekunde 30 au pungufu, ingia ndani ya nyumba, na ukae humo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mwanga unaomulika ziwani usiku bila sauti bado uko mbali, lakini anayetaka kuanika dagaa alfajiri auchukulie kuwa onyo na aweke turubai karibu.

Utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, nao usomwe vizuri. Wakiandika “mvua na ngurumo katika maeneo machache na vipindi vya jua”, watu hulalamika kwamba Igoma kumenyesha na Ilemela kukavu. Utabiri ulikuwa sahihi: mawingu ya namna hii yanaweza kumwaga mtaa mmoja na kuuacha wa pili.

Ndiyo maana napenda kila nyumba iwe na kipimo chake. Chukua chupa ya lita moja na nusu yenye ubavu laini, kwa sababu yenye mikunjo hudanganya. Kata theluthi ya juu, toa kizibo, igeuze iwe faneli juu ya kipande cha chini. Jaza kokoto na maji hadi pale chupa inapoanza kunyooka, piga mstari wa sifuri, kisha bandika rula kuanzia hapo. Iweke mahali peupe, mbali na ukuta au mti mara mbili ya urefu wake, mdomo uwe sentimita 30 hivi juu ya ardhi ili matope yasirukie ndani. Soma saa tatu asubuhi kama vituo vya hali ya hewa vinavyofanya, rudisha maji kwenye sifuri, na karibu na milimita andika mvua ilianza na kuisha saa ngapi.

Saa hizo zina uzito. Milimita 50 ndani ya saa 24 ni mvua kubwa kwa kipimo cha TMA, lakini zikigawanyika mchana kutwa mitaro inazimudu. Zikishuka kwa saa moja ni habari nyingine. Milimita 1 juu ya mita ya mraba 1 ni lita 1, hivyo paa la mita 8 kwa 10 litamwaga lita 4,000. Kwenye milima yetu ya mawe maji hayo hayanywewi na ardhi. Yanateremka moja kwa moja hadi Mto Mirongo, na Mabatini ndiko yanakojaa. Kalavati moja iliyozibwa na chupa za plastiki inatosha kuyarudisha sebuleni kwa watu. Mitaro isafishwe Septemba, na msimu ukishaanza ikaguliwe jioni, kwa kuwa mvua ya ziwani huwakuta watu wamelala.