Sikio Linalia Usiku Kucha: Maswali ya Watu wa Tanga

Nina miaka 61. Nimesimama kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, zaidi ya miaka 20. Sasa masikio yanalia kama nyenje, hayanyamazi. Kuna dawa ya matone?

Shikamoo mzee wangu. Matone hayatakufaa, kwa sababu mlio huo haumo kwenye tundu la sikio. Ndani kabisa kuna kijungu kilichojiviringa kama konokono, chenye chembe zipatazo 15,000 zilizoota vinyweleo. Sauti ikiingia, vinyweleo huyumba, na ubongo hupata habari. Kelele za mashine, zamu baada ya zamu, huziua chembe hizo, na za binadamu zikishakufa hazioti tena. Ubongo nao haukubali kukosa habari. Hujiongezea sauti wenyewe, kama mtu anayefungulia redio mpaka mwisho akitafuta stesheni iliyozimwa: atakachosikia ni mvumo tu.

Kwa hiyo si jini, wala hakuna anayekusengenya. Anza kwa kupimwa usikivu. Wengi wenye mlio wamepoteza usikivu bila kujua, wanadhani wajukuu siku hizi wanaongea kwa kunong'ona. Ukipata kifaa cha kusaidia kusikia, ubongo unapata cha kusikiliza, na mara nyingi mlio hurudi nyuma.

Mchana nina nafuu. Nikizima taa tu, balaa. Nifanyeje nilale?

Adui yako hapo ni ukimya. Mchana Ngamiani kuna bodaboda, watoto, adhana, muuza kahawa anagonganisha vikombe, mlio unamezwa. Usiku unabaki peke yake nawe.

Basi usiulalie ukimya. Washa feni hata siku isiyo na joto, au redio kwa sauti ndogo. Wenye simu, nendeni Raskazone mkarekodi mawimbi, myasikilize kitandani kwa spika, si kwa visikilizio vya masikioni. Jambo moja watu hulikosea: wanaongeza sauti mpaka mlio ufunikwe kabisa. Iache chini kidogo ya mlio, uvisikie vyote viwili. Tunachotaka ni ubongo uuzoee mlio kama ulivyozoea saa ya ukutani, na hilo huchukua miezi, si siku tatu.

Kuna na upande wa moyo. Mtu akiuogopa mlio, ubongo huuhesabu kuwa hatari na kuzidi kuusikiliza. Tiba ya mazungumzo, ile ya kubadili namna unavyoufikiria na kuupokea mlio, ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi wa kupunguza mateso. Haiuondoi, inaunyang'anya nguvu. Vidonge vya mitishamba vinavyouzwa ghali kwa ahadi ya kuuponya havijathibitika, na hela yako afadhali ikanunue feni.

Kahawa sikukatazi. Ila ya saa nne usiku, hiyo ni ugomvi wako na usingizi.

Mama mkwe anataka nitie mafuta ya moto yaliyochemshwa na kitunguu saumu.

Mpokee kwa heshima, mafuta uyaache. Yakiwa moto yanaunguza, na kitunguu saumu kinababua ngozi. Kama ngoma ya sikio imetoboka, umejiongezea ugonjwa. Ni kweli nta ikiziba sikio huleta mlio, na hapo nafuu huja haraka ikitolewa; lakini itolewe na mhudumu aliyechungulia kwanza. Vijiti vya pamba huisukuma ndani zaidi.

Dawa zinaweza kuleta mlio?

Ndiyo. Waliowahi kunywa kwinini wanaukumbuka. Kwa kawaida huisha dawa ikiisha. Aspirini nyingi nayo vilevile. Sindano za jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, zinaweza kuacha madhara ya kudumu. Ukianza kusikia mlio ukiwa kwenye dozi, mwambie aliyekuandikia, usiiache kimyakimya.

Nikimbilie hospitali wakati gani?

Usikivu ukikatika ghafla, hata sikio moja, nenda siku hiyohiyo. Kuna matibabu, ila siku zikipita nafasi inapungua. Nenda pia upesi kama mlio umeanza baada ya kupigwa kichwani, au umekuja na kizunguzungu kikali au uso kulegea upande mmoja. Mlio unaodunda sawa na mapigo ya moyo unahitaji uchunguzi wa mishipa na presha. Wa sikio moja tu, usiokoma, nao uchunguzwe. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Bombo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa.

Mimi ni DJ wa harusi. Nikitoka kazini masikio yanavuma, asubuhi yamepoa. Kuna ubaya?

Upo, mdogo wangu. Kule kuvuma ni chembe zinalalamika, na si zote zinazoamka asubuhi. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, sauti ya desibeli 80 (desibeli hupima ukali wa sauti) mtu mzima anaweza kuivumilia saa 40 kwa wiki. Ikifika 100, ni dakika 20 tu kwa wiki nzima. Wewe unakesha nayo. Simama nyuma ya spika, si mbele yake, toka nje kila baada ya muda, na uvae vizibo vya sponji vya masikioni. Pamba ya kawaida huzuia kidogo mno.