Maji ya chanzo ni nini kwa tangi la samaki wa baharini

Chukua kioo kisafi, ukidondoshee matone matatu: moja la maji ya bomba, moja la kisima, moja la mvua. Kiache juani mpaka yakauke. Tone la kisima litaacha duara jeupe, na ukilikwaruza kwa ukucha utasikia chengachenga. La bomba litaacha alama hafifu. La mvua, kama ulikinga baada ya paa kuoshwa vizuri, huenda usione hata lilipokuwa. Hicho kinachobaki kiooni ndicho wafugaji wa samaki wa baharini wanachokitaka kukijua wanapoulizana, "Maji yako ya chanzo ni yapi?"

Maji ya chanzo ni yale unayoanza nayo kabla hujatia chumvi, na ni yale unayoongeza kila maji ya tangi yanapopungua. Kazi hizo mbili ni tofauti, na wanaoanza huifikiria ile ya kwanza tu. Huuliza kama maji ni safi, wakiambiwa yananyweka wanaridhika. Lakini usalama wa maji ya kunywa umepimwa kwa mwili wa binadamu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu shaba hadi miligramu 2 kwa lita. Kwenye tangi, miligramu 0.2 kwa lita, kiasi kinachotumika kuwatibu samaki wenye vimelea, kinatosha kuwaua kamba, konokono na matumbawe. Maji ambayo mtoto wako anakunywa bila shida yanaweza kuwa na shaba mara kumi ya hiyo na bado yakahesabiwa kuwa salama, na kwa mtoto ni salama kweli.

Ile kazi ya pili ndiyo yenye mtego. Maji ya tangi hukauka kila siku, hasa kwenye joto letu na taa zikiwaka juu yake. Yanayopaa ni maji peke yake. Chumvi na kila kilichoyeyuka ndani hubaki. Tuseme una tangi la lita 100 linalopoteza lita moja kwa siku. Usipoongeza kitu kwa siku kumi, chumvi iliyokuwa gramu 35 kwa lita inakaribia 39, na samaki wanaanza kuhangaika. Ukiongeza maji yenye chumvi, kosa ninaloliona mara nyingi kuliko jingine lolote, unazidisha. Kwa hiyo kinachopaa hurudishwa kwa maji matamu, na hapo ndipo chanzo kinapoanza kujidhihirisha. Kisima chenye miligramu 600 za vitu vilivyoyeyuka kwa lita kitaliachia tangi lako gramu 18 kwa mwezi, zaidi ya gramu 200 kwa mwaka. Kama maji hayo yana naitreti, kirutubisho kinacholisha mwani, miligramu 20 kwa lita, kila mwezi naitreti ya tangi inapanda kwa miligramu 6 kwa lita, kabla hujahesabu uchafu wa samaki wenyewe. Unabadilisha maji ili kuipunguza, kumbe unaileta kwa ndoo.

Mimi nilijifunza hayo kwa kisima cha nyumbani. Miezi miwili ya kwanza tangi lilipendeza, kisha mawe yakaanza kuvaa utandu wa kahawia, halafu mwani wa kijani mrefu kama nywele. Nilipunguza chakula, nikapunguza saa za taa, nikasugua kioo kila Jumamosi. Mwani ukawa unarudi kabla ya Jumatano. Nilikuwa nikitafuta kosa ndani ya tangi wakati lilikuwa kwenye dumu la lita 20 lililosimama pembeni yake. Utandu ule wa kahawia hulishwa na silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, na mwani wa kijani hulishwa na naitreti na fosfeti. Visima vya mjini, vikiwa karibu na vyoo vya shimo, huwa na naitreti nyingi.

Wakazi wa Dar es Salaam na miji mingine ya pwani wana visima vyenye ladha ya chumvi kabisa, na wapo wanaodhani maji hayo yameshafika nusu ya safari ya kuwa bahari. Hayajafika popote. Chumvi ya kisima imechanganyika na madini ya udongo na mwamba kwa uwiano usiofanana na wa bahari, na huwezi kuurekebisha kwa kuongezea chumvi nyingine juu yake. Kwa walio Arusha na maeneo ya Bonde la Ufa, maji ya ardhini mara nyingi yana pia floraidi nyingi.

Maji ya bomba yana afadhali, lakini yametiwa dawa. Klorini hutoka ukiyapulizia hewa kwa pampu ndogo usiku kucha na mchana wake, au ukitumia matone ya thaiosalfeti yanayouzwa kwenye maduka ya samaki. Pale mamlaka ya maji inapotumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kuyaacha wazi hakusaidii. Inabidi utumie dawa ya kuiondoa. Kuyachemsha kunaua vijidudu, lakini hakuyasafishi madini. Sehemu ya chokaa huganda kwenye chombo, ila madini mengine hubaki, tena yanakolea kwa sababu maji yamepungua. Chokaa hiyo ndiyo utando mweupe unaouona ndani ya birika.

Mvua ni chanzo kizuri kuliko watu wanavyoamini. Shida yake ni paa. Mabati huwa na zinki, na kiangazi kizima huwa yanakusanya vumbi na kinyesi cha ndege. Acha mvua za mwanzo ziyaoshe, kisha kinga mvua iliyokwisha kunyesha nusu saa, kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko. Ukiweza kutandaza turubai safi uwanjani na kukinga moja kwa moja kutoka angani, ni bora zaidi.

Chanzo ninachokiamini kuliko vyote ni maji ya RO, yaani yaliyosukumwa kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, ambao huzuia zaidi ya asilimia 90 ya vilivyoyeyuka. Yakipitishwa tena kwenye resini, chembechembe zinazonasa madini yaliyobaki, kipimo cha TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka, husoma sifuri. Huhitaji kununua mashine mara moja. Maduka ya kujaza maji ya kunywa yaliyoenea mitaani yana mashine hizo, ila mengi hurudisha madini kidogo ili maji yawe na ladha. Mwombe muuzaji akujazie kabla ya hatua hiyo, na uende na kipimo chako mfukoni. Ni kidogo kama kalamu. Mashine ya nyumbani humwaga lita tatu au nne kwa kila lita moja inayotoa, na kwenye mitaa yenye mgao wa maji si haki kuziacha ziende mtaroni. Ziwekee pipa, zinafaa kufulia na kupigia deki.

Jihadhari na jina "maji ya betri". Chupa moja yenye jina hilo ina maji yaliyokenekwa, nyingine ina asidi.

Ukishapata maji yasiyo na kitu, unayatia chumvi, na hapa mtu wa pwani hushawishika kununua chumvi ya mawe kutoka mashamba ya Bagamoyo au Lindi, kwa hoja kwamba imetoka baharini. Imetoka baharini, ndiyo, lakini si bahari yote iliyokuja nayo. Maji yanapokauka shambani, chokaa hutangulia kuganda, ikafuatiwa na jasi, ndipo chumvi yenyewe inapojitenga. Magnesi hubaki kwenye yale maji machungu ya mwisho ambayo wavunaji huyamwaga. Katika gramu 35 za vitu vilivyomo kwenye kilo moja ya maji ya bahari, gramu 30 hivi ndizo zinazounda chumvi tunayoijua jikoni. Zilizobaki, magnesi gramu 1.3, kalsiamu gramu 0.4 na nyinginezo, ndimo matumbawe hupata ya kujengea mifupa yao. Chumvi ya matangi inayouzwa kwa ndoo imerudishiwa zote kwa uwiano wake. Uwiano huo karibu haubadiliki bahari moja hadi nyingine. Mkemia William Dittmar alichunguza sampuli 77 zilizokusanywa na meli ya utafiti ya Challenger katika safari ya 1872 hadi 1876, akauthibitisha katika ripoti ya 1884.

Na bahari yenyewe? Aliye Tanga, Mombasa au Unguja ana haki ya kuuliza. Maji ya bahari safi hayana mshindani, tena ni bure. Swali ni wapi na lini. Karibu na mlango wa mto hapafai: mto Msimbazi wa Dar es Salaam huingia baharini pale daraja la Salenda, pamoja na yote iliyopitia mjini. Bandarini na wanakoegesha boti kuna mafuta, na rangi za chini ya boti mara nyingi zina shaba. Masika nayo humimina matope na maji matamu, hivyo subiri mpaka bahari itulie na kurudi kwenye rangi yake. Chota maji yakiwa yamejaa kabisa, maana wakati wa kujaa ni maji ya nje yanayokuja ufukweni, na wakati wa kupwa ni ya ufukweni yanayotoka. Bamvua huleta maji mengi ya nje lakini pia huvuruga mchanga. Ukipata mvuvi anayevuka mwamba, mpe madumu yako, na yawe madumu ambayo hayakuwahi kubeba mafuta wala sabuni.

Ukifika nyumbani, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, uyafunike gizani kwa wiki mbili hivi. Viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho hufa na kuzama pamoja na matope. Chota ya juu, acha ya chini, kisha yapulizie hewa siku nzima. Yanuse. Yawe na harufu ya pwani asubuhi, si ya yai viza. Tone moja kwenye refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, lisome karibu na 35, au uzito linganifu wa 1.026.

Hata hivyo, jioni ile ile tangi litaanza kukauka, na kesho yake litahitaji lita moja ya maji matamu. Anayesikia mawimbi akiwa kitandani naye huinuka asubuhi, akatafuta maji yasiyoacha alama kwenye kioo.