Wachina "walifurika" Marekani? Tuanze na hesabu

Nafundisha historia ya Marekani, na kila tukifika mwaka 1882 ambapo sheria iliwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini, hakosekani wa kunieleza kwamba Wachina walifungiwa mlango kwa sababu walifurika na kuwapokonya wenyeji kazi. Nimeisikia hoja hii mpaka imenichosha.

Walifurika wapi? Sensa ya 1880 ilihesabu Wachina wapatao 105,000 katika nchi ya watu milioni 50. Ni kama wawili kwa kila elfu. Wengi waliishi California, na kelele zilianzia huko, sawa. Lakini nani aliyewatafuta? Kampuni ya reli ya Central Pacific iliwaajiri kwa maelfu, wakaipasua milima ya Sierra Nevada kwa baruti kwa ujira mdogo kuliko wa Wazungu. Mei 1869 reli ikakamilika, vibarua wakatawanyika kutafuta riziki. Mwaka 1873 mabenki ya mashariki mwa Marekani yaliyojazana mikopo ya reli yakaanguka, ajira zikakauka nchi nzima. Hao wenye mabenki hawakuwa Wachina.

Sikatai kwamba ushindani ulikuwepo. Mwaka 1870 huko North Adams, Massachusetts, mwenye kiwanda cha viatu alileta Wachina 75 kutoka California ili kuvunja mgomo. Sasa niambie: mshahara ulishushwa na kibarua au na tajiri? Denis Kearney, naye mhamiaji kutoka Ireland, mwaka 1877 alikuwa akihutubia mikutano San Francisco na kuwatukana matajiri na Wachina kwa pamoja. Matajiri walikuwa na wabunge wa kuwatetea. Mchina hakuwa hata na kura.

Kiini kipo hapo. Sheria ya 1790 iliruhusu mhamiaji Mzungu aliye huru tu kuomba uraia. Mwaka 1870 wakaongezwa watu wa asili ya Afrika. Pendekezo la kuondoa kabisa kigezo cha rangi likashindwa, Wachina wakabaki nje. Kwa hiyo mwanasiasa aliyewashambulia hakupoteza chochote kwenye sanduku la kura. Angalia uchaguzi wa 1880: James Garfield alishinda kwa tofauti isiyofika kura 10,000 nchi nzima. Zikiwa zimebaki kama wiki mbili, gazeti moja la New York lilichapa barua ya kughushi iliyomwonyesha akiunga mkono vibarua wa Kichina, naye akaikosa California kwa kura zisizofika 200. Vyama vyote viwili vikaelewa somo. Mei 1882 Rais Chester Arthur, aliyemrithi Garfield, akatia saini sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina. Ndiyo maana nawasumbua wanafunzi wangu kwa jambo moja: ukikutana na sheria ya uhamiaji, kabla hujauliza nani anaingia, uliza nani anapiga kura, na lini.

Mengine nayapitia haraka.

Eti yote yalianza 1882. Tangu 1852 California iliwatoza wachimba dhahabu wa kigeni dola 3 kila mwezi. Mwaka 1854 mahakama yake ya juu ikasema Mchina hawezi kutoa ushahidi dhidi ya Mzungu. Na sheria ya 1875 ilishawazuia wanawake wa Kichina kwa kisingizio cha ukahaba.

Eti kila Mchina alipigwa marufuku. Marufuku ilikuwa kwa vibarua. Wafanyabiashara, walimu, wanafunzi na wasafiri waliruhusiwa, ingawa nao walihojiwa vya kutosha.

Eti ni Marekani peke yake. Kanada iliweka kodi ya kichwa ya dola 50 mwaka 1885, ikapanda hadi 500 mwaka 1903. Na hii haikuwa kama ile waliyolipa babu zetu, hii ilidaiwa mlangoni. Australia, kuanzia 1901, afisa aliweza kumsomea mgeni maneno 50 ya lugha yoyote ya Ulaya, kwa chaguo la afisa, mgeni ayaandike. Mtihani ulitungwa ili ashindwe.

Na hii ya kwamba mwaka 1943 Bunge la Marekani liliona aibu likafuta sheria? China ilikuwa mshirika vitani, na Japani ilikuwa ikiitumia sheria hiyo katika propaganda zake. Ikafutwa, na Wachina wakatengewa nafasi 105 kwa mwaka.