Fandesheni haipimwi mkononi

Madukani Mwanza utamkuta dada anapakwa fandesheni, kile kipodozi cha rangi ya ngozi cha kupaka usoni, mgongoni mwa mkono, kisha anaambiwa, "Hii ndiyo yako." Huenda si yake kabisa. Mkono na uso mara nyingi havilingani rangi. Hata paji la uso kwa wengi wetu limekolea kuliko mashavu.

Ndiyo maana kwenye darasa la wanaoanza kujifunza vipodozi, kabla ya wanja na kope za bandia (zinazowavutia wengi, najua), inafaa kuanzia kwenye taya. Chora mistari mitatu ya rangi zinazokaribiana, kutoka shavuni kushuka shingoni, halafu toka nje na kioo, maana taa za dukani hudanganya. Mstari usioonekana ndio wako. Ila usikimbilie kulipa. Subiri kama dakika kumi, kwani fandesheni nyingi hukolea zikishakutana na hewa na mafuta ya ngozi.

Na ule ushauri wa "chukua iliyo nyeupe kidogo ung'ae"? Ndio unaowapa maharusi uso wa kijivujivu juu ya shingo ya kahawia. Ukikosa inayokufaa, nunua mbili uchanganye.