Je, wajua? Kwa nini aliyepigwa mionzi hukaukwa na mate hata akinywa maji?

Mgonjwa wa Unguja aliyerudi kutoka Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, baada ya kupigwa mionzi ya saratani ya koo, hawezi kumeza boflo mpaka alichovye kwenye chai. Majirani humhimiza anywe maji kwa wingi ili "moto wa mionzi" utoke. Wanamwonea huruma, lakini hakuna moto uliobaki mwilini, wala si maji yaliyompungukia. Aliyefunga Ramadhani mdomo humkauka pia, ila akishafuturu mate hurudi. Huyu akinywa, ulimi hulowa dakika chache tu, kisha yaleyale.

Mtu mzima hutoa baina ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku, mengi yakitoka tezi za mbele ya masikio na za chini ya taya. Fikiria kisima kimejaa, mabomba mazima, pampu imeungua. Kisima ni damu. Pampu ni seli za tezi zinazovuta maji kutoka humo, na mabomba ni vijia vya kuyafikisha kinywani. Mionzi huua pampu. Vijia vingi hunusurika. Ajabu ni kwamba mionzi kwa kawaida huonea seli zinazojigawa upesi, na hizi hujigawa kwa nadra mno, lakini mate hupungua tangu wiki ya kwanza ya tiba. Wataalamu bado wanabishana kwa nini.

Dawa ya pilokapini huchochea pampu zilizosalia. Zikiwa zimekwisha, mgonjwa ataambulia jasho tu, ambalo dawa hiyo pia hulitoa. Ndipo watafiti wa Marekani wakayageukia mabomba: walitia kwenye vijia vya tezi moja virusi visivyoweza kuzaliana, vimebeba jeni ya kutengeneza vitundu vya kupitisha maji, ili kuta zenyewe zivujishe. Matokeo ya 2012: kati ya watu 11, sita waliongeza mate, na watano kati yao walihisi nafuu. Ni wachache mno kwa mtu kushangilia, ingawa baadhi yao walibaki na nafuu kwa miaka, jambo ambalo virusi vya aina hiyo havikutarajiwa kulifanya.

Kwa sasa kinga ndiyo yenye uhakika zaidi, yaani kuielekeza mionzi iikwepe tezi. Nchini Uingereza, jaribio lililochapishwa 2011 lilionesha kuwa mwaka mmoja baada ya tiba, ukavu wa kinywa wa wastani au zaidi uliwapata asilimia 38 ya wagonjwa waliokwepeshwa tezi, dhidi ya asilimia 74 ya waliopigwa mionzi kwa njia ya kawaida.

Na ndimu ya urojo? Ukali huamsha tezi zilizo hai, kweli, lakini meno yasiyooshwa na mate huliwa na tindikali upesi. Ni bora daktari wa meno ayaone kabla mionzi haijaanza.