Je, wajua kwa nini simu ya ofisini hukatakata ilhali grafu ya mtandao inaonyesha asilimia 5 tu?

Katika ofisi nyingi zenye simu za IP (zinazopitisha sauti kwenye mtandao wa kompyuta), kebo moja hutoka kwenye swichi, kifaa kinachounganisha vifaa vya mtandao, ikaingia kwenye simu ya mezani, kisha ikaendelea hadi kwenye kompyuta. Mtu akivuta faili la MB 200 kutoka kwenye seva huku anaongea, sauti inakatika. Fundi anafungua grafu ya poti, anakuta matumizi ni asilimia 5, anailaumu simu.

Grafu haidanganyi, ila inatoa wastani wa dakika 5. Kwenye poti ya megabiti 100 kwa sekunde, faili hilo hupita kwa sekunde 16, na kwa muda huo poti imejaa pomoni. Sekunde 16 kati ya 300 ndiyo hiyo asilimia 5.

Seva yenyewe iko kwenye poti ya gigabiti 1, kwa hiyo data inaweza kuingia kwa kasi mara kumi ya ile ya kutoka. Ziada hukaa kwenye bafa, yaani kumbukumbu ya muda ya swichi. Bafa ya KB 512 hujaa kwa chini ya milisekunde 5, lakini kuimaliza huchukua milisekunde 42. Simu inayotumia G.711, njia ya kugeuza sauti kuwa data, kwa kawaida hupokea pakiti moja ya sauti kila milisekunde 20: moja inakuta foleni tupu, nyingine inasubiri milisekunde 40, nyingine inakuta bafa imejaa na kutupwa. Faili likipoteza pakiti, hutumwa upya. Sauti iliyochelewa haina kazi tena.

Dawa ni kuipa sauti kipaumbele (QoS). Kipaumbele hakiongezi kasi ya kebo hata chembe. Kinachofanya ni kuigawa foleni kuwa kadhaa, mara nyingi 4 au 8, na kuamua ipi ihudumiwe kwanza. Sauti ikiwa kwenye foleni ya juu, itasubiri tu fremu ambayo tayari imeanza kutoka: baiti 1518, yaani milisekunde 0.12. Toka 42 hadi 0.12, kwa kebo ileile.

Swichi huitambua sauti kwa alama, yaani namba iliyoandikwa kwenye pakiti, na ziko mbili. DSCP hukaa kwenye kichwa cha IP (sehemu ya mwanzo ya pakiti), na ya sauti ni 46. Ile ya 802.1p hukaa ndani ya lebo ya VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi ileile), ina thamani 0 hadi 7, na lebo ikivuliwa nayo hupotea. Hapa wengi hujikwaa: katika 802.1p, thamani 1 iko chini ya 0. Ukidhani umeipandisha kamera kwa kuipa 1, umeishusha.

Kwa vitendo: hakikisha simu inaweka 46, iambie poti iamini DSCP ya simu lakini si ya kompyuta, elekeza 46 kwenye foleni ya juu yenye kipaumbele kamili, na foleni nyingine zigawane kwa uzito, mfano 8, 4, 2, 1. Fanya hivyo kwenye kila swichi njiani. Simu moja ya G.711 hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde, hivyo haiwezi kuwanyima wengine. Video ukiiweka kwenye foleni hiyo ya juu, itawanyima.

Kwenye Cisco Catalyst 2960 na 3750, amri ya `mls qos`, inayowasha kipaumbele, peke yake huharibu kabla ya kutengeneza: poti zisizoaminiwa hufuta DSCP kuwa 0, na bafa hugawanywa kwa foleni nne, hivyo pakiti zinazotupwa zinaweza kuongezeka. Angalia kihesabu cha pakiti zilizotupwa kwa kila foleni, si grafu.

Na kama simu zinazokatika ni za kwenda nje, huenda swichi haina kosa. Intaneti ikiwa ya megabiti 20 na poti ya kuelekea kwenye modemu ni ya gigabiti 1, foleni haijengeki kwenye swichi. Inajengeka ndani ya modemu, isiyojua 46 ni nini. Punguza kasi ya kutoka kwenye ruta iwe megabiti 18, foleni ihamie kwenye ruta, kisha weka kipaumbele hapo.